Rogoro Si Kaskazini

Ogembo,
Jumanne, 11 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Nyakerario,

Bwakire buya. Natumaini barua hii imekukuta ukiwa na nguvu na chai inachumika. Mama ameniambia kwamba alipokupigia simu Krismasi ulimjibu "Asante, na nyinyi pia" kwa kila neno, hata alipokuuliza kama ng'ombe amezaa. Nikaona basi masikio yako na simu vimeshaachana, nikanunua bahasha kumi na mbili. Kuanzia leo tutaandikiana kama watu wa zamani.

Huku hatujambo. Mama, Benter wako, yuko kwake Oyugis, goti linamuuma ila mdomo uko salama, anakusalimu sana na anauliza kama zile omena, dagaa wa ziwani, zilifika. Mimi bado nafundisha hapa kampasi ya Ogembo, bado ni mhadhiri msaidizi, na ndiyo, Shangazi, bado sijaolewa, kwa hiyo usiharibu karatasi kuniuliza.

Sasa nikwambie lililonileta. Wanataka kuifunga Idara ya Jiografia.

Mwezi uliopita chuo kiliunda kamati ya kupunguza idara, mwenyekiti wake Profesa Ogeto, mtu wa masomo ya biashara. Alisimama mbele yetu akasema, "Jiografia ni kukariri mito na miji mikuu, na siku hizi simu inakariri bure." Watu wakacheka. Hata wenzangu wawili wa idara walicheka, niliwaona kwa macho yangu. Tumepewa hadi tarehe kumi na tisa Juni tufike mbele ya kamati tujitetee. Tukishindwa, walimu sita tunatawanywa, na wanafunzi mia moja na arobaini wanahamishiwa masomo ya utalii wapende wasipende. Kazi ya kuandika utetezi nimepewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye mdogo na sikujua kukataa.

Nimeshaandika jinsi somo lilivyozaliwa na kukua huko duniani. Nimekwama mwishoni, pale ninapotakiwa kuonyesha kwamba sisi wa hapa tuna cha kuliongezea. Ndipo nikakumbuka habari aliyonihadithia marehemu Baba, kwamba kila mwanafunzi wako wa kidato cha kwanza, tangu mwaka wa themanini na tatu hadi ulipostaafu, ulimchoresha ramani ya njia ya kutoka shuleni hadi kwao, na kwamba zote umezihifadhi kwenye sanduku la bati. Miaka thelathini na mitatu ya vijiji vyetu kwa mikono ya watoto! Sijui chuo chenye kitu kama hicho. Naomba unitumie hilo sanduku, nitalirudisha jinsi lilivyokuja.

Mtoto wa ndugu yako,
Millicent

Ekerenyo,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwako Millicent wa ndugu yangu Masese,

Barua yako nimeipata. Ilifika Februari na jibu naandika Machi, na kosa si la posta.

Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Ng'ombe alizaa ndama jike, mwambie Benter. Omena zilifika pia, na mchanga wake wote. Mwambie ziwa nimeshaliona, sasa anitumie samaki. Chai imeteswa na jua lakini inajikaza. Paka wangu amemaliza panya wa nyumba hii na wa jirani, sasa ameanza kufungua sufuria. Kanisani wamenitoa kwenye kwaya kwa sababu, ati, mimi hufika ubeti wa tatu wenzangu wakiwa wa pili. Sawa. Waimbe pole pole hadi Yesu arudi.

Huyo Ogeto wako alifundishwa Jiografia na nani? Kumbe mtu anaweza kufika uprofesa na akili ya darasa la nne! Mjibu hivi, na uandike kama ninavyosema. Kukariri kulikuwepo, lakini huo ulikuwa utoto wa somo. Mgiriki mmoja wa kale alipima mzunguko wa dunia kwa kivuli na kisima, na simu hakuwa nayo. Waarabu wakaandika njia na miji na mvua, wakachora ramani kusini ikiwa juu. Wazungu wa enzi za kanisa wakaweka mashariki juu. Wakaja mabaharia na wasafiri, kila mmoja na orodha yake ya mito na rasi, na hapo ndipo Ogeto aliposinzia.

Wajerumani wakalipatia somo kiti cha uprofesa chuoni, karne ya kumi na tisa. Halafu ukaingia wazimu: wakafundisha kwamba hali ya hewa ndiyo inayomfinyanga mtu, ati wa nchi ya joto ni mvivu. Mimi nilifundishwa upuuzi huo mwaka wa sabini na nane na mzee mmoja aliyechelewa na habari, naye anatokwa jasho kwa kusimama tu, wakati mama yangu yuko kwenye chai tangu alfajiri. Nilinyosha mkono nikamuuliza kama amewahi kubeba kikapu cha majani mabichi kupanda kilima. Nilitolewa nje! Wakaja wa kanda, wakaikata dunia vipande vipande. Wakaja wa hesabu, kila kitu fomula na grafu. Kisha wakaja waliouliza swali lililotakiwa kuulizwa kwanza: ramani hii kaichora nani, na kwa faida ya nani? Sasa mna setilaiti. Somo limekua kwa kuanguka na kuinuka, kama mtoto yeyote. Andika hivyo.

Kuhusu sanduku, hakuna sanduku. Panya walikula.

Ni mimi,
Shangazi yako

Ogembo,
Jumanne, 25 Machi 2025

Mpendwa Shangazi,

Salamu nyingi. Hongera ya ndama. Mama amefurahi, na samaki anakuja, ila ameapa kwamba ule mchanga ni wa Ekerenyo.

Asante kwa somo. Nimelinakili karibu lote, nikatoa lile la akili ya darasa la nne, ingawa mkono uliniuma kulitoa.

Panya gani, Shangazi? Katika barua ileile umesema paka amewamaliza hadi wa jirani. Kama hutaki kunipa, sema hutaki. Mimi si mtoto, nitaelewa. Nitaumia lakini nitaelewa.

Nilipokosa sanduku niliamua kujaribu zoezi lako hapa. Niliwaambia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, arobaini na mmoja, wachore ramani ya kwao bila simu, kaskazini ikae juu ya karatasi kama kawaida. Ishirini na saba walikosea, na wote kwa kosa moja! Wameweka kilele cha kilima juu ya karatasi na mto chini, kisha wakaandika "kaskazini" pale kileleni, hata kama kilima chenyewe kiko kusini mwa kwao, au magharibi. Wale Wajaluo wa kule kwetu ziwani hawakukosea hata mmoja. Waliokosea ni Wakisii watupu.

Nilicheka. Nilishika kalamu nikate. Kisha nikamwita mmoja, Nyanchama, msichana wa Nyaramba mwenye akili kali, nikamuuliza kwa nini kaskazini yake iko kule. Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Si ndiyo rogoro, madam?"

Shangazi, unajua nimelelewa na Mjaluo na Ekegusii changu ni cha kuombea maji tu. Hebu niambie wewe. Rogoro ni kaskazini, ama rogoro ni nini?

Nauliza kwa sababu nilizizungusha zile ramani, kila moja mpaka kilima chake kikakaa mahali pake, nikazilinganisha na picha za setilaiti. Zimelingana hadi nikaogopa. Vijia, vivuko, mahali udongo unapoporomoka wakati wa mvua ndefu, vyote vimo. Na kuna chemchemi ambazo ramani tunazofundishia hazina.

Wako,
Millicent

Ogembo,
Ijumaa, 2 Mei 2025

Shangazi,

Hujambo? Ni wiki ya sita sasa na sijaona hata mstari. Umenuna? Au ni mgonjwa na hutaki tujue? Nimempigia Mogire, jirani yako wa pikapu, anasema amekuona kanisani umekaa wima kama kawaida yako.

Idara iko vilevile. Wenzangu wawili wameshaanza kuhamisha vitabu vyao. Juzi niliitwa ofisini kwa wakubwa, lakini si kitu.

Nijibu tafadhali, hata kwa kunigombeza.

Millicent

Ekerenyo,
Jumapili, 18 Mei 2025

Mwanangu Millicent,

Amani ya Bwana iwe nawe. Ndama anakua, mvua imenyesha vizuri, chai imechipua hadi wachumaji hawatoshi. Samaki wa Benter alikuwa mtamu na nimemsamehe omena.

Sanduku lipo. Lipo chini ya kitanda changu, na paka hulala juu yake. Nilikudanganya. Nimeomba msamaha kwa Mungu Sabato mbili, leo nakuomba wewe.

Umeniuliza rogoro ni nini. Rogoro ni juu. Kule ardhi inakopanda, ndiko rogoro. Mimi nikikaa upande huu wa kilima rogoro yangu ni mashariki, na jirani wa ng'ambo rogoro yake ni magharibi, na wote tumesema kweli. Lakini walipogawa nchi na kuhitaji neno la kaskazini, walichukua hilohilo. Ndiyo maana sisi wa Mugirango Kaskazini tunaitwa Mogirango Rogoro. Sasa mtoto anazaliwa na neno la kilima, anafika shuleni analikuta limevaa sare. Mwalimu anasema kaskazini, mtoto anasikia rogoro, anainua macho kule kwao kunakopanda, anachora. Kosa ni la tafsiri, na mfasiri nilikuwa mimi.

Mimi nilijua! Hapo ndipo panaponiuma. Mimi ni mtoto wa kilima hiki, nimetumwa rogoro kuchota maji kabla sijajua kusoma. Na habari za Waarabu na kusini yao nilikuwa nazifundisha Jumanne, watoto wakishangaa, nami nikijiona hodari. Jumatano nilikuwa nakata ramani za watoto haohao kwa kalamu nyekundu.

Mwaka wa themanini na tisa alikuwepo kijana anaitwa Onchiri, wa kule juu ya Nyaramba. Alikuwa mpole, na alitaka kuwa mpima ardhi. Alileta ramani iliyojaa kila kitu, mito, mawe, miti, chemchemi tisa, na kilele kikiwa juu ya karatasi. Kilima chao kiko kusini. Nilimpa sifuri. Kama haikutosha, nilimsimamisha mbele, nikamgeuzia karatasi juu chini, nikamwambia, "Wewe kwenu mnatembea kwa vichwa?" Darasa lilicheka hadi likasikika nje. Wakampa jina, wakamwita Kusini, akaitwa hivyo miaka minne. Kidato cha tatu aliacha Jiografia akachukua kilimo, nami sikumuuliza kwa nini.

Hizi wiki zote sikununa. Nilikuwa nahesabu. Ramani ni elfu moja mia mbili na nne. Mia saba na themanini na moja nimezikata msalaba kwa kosa hilo moja. Nilidhani watoto wangu ni wazito, Millicent, kumbe mzito alikuwa yule mwenye kalamu. Sikutaka uione mikono yangu humo ndani. Wewe ulilichagua somo hili kwa sababu yangu, uliniambia ukiwa na miaka kumi na miwili, na nilijivuna sana siku hiyo.

Mogire atalileta sanduku Jumatano kwa pikapu. Nina sharti moja. Alama zangu usizifute wala usizifunike. Weka sifuri zangu mezani kwa huyo Ogeto azione.

Na usiniandikie "si kitu." Nimesoma insha za watoto miaka thelathini na mitatu. Ofisini walikuitia nini?

Shangazi yako

Ogembo,
Ijumaa, 6 Juni 2025

Mpendwa Shangazi,

Natumaini u mzima. Sanduku lilifika, na nywele za paka juu. Nilifunga mlango nikasoma barua yako mara tatu, nikalia, nikanawa uso, nikaita wanafunzi. Sijakasirika. Nataka ulijue hilo kabla ya jingine lolote. Somo hili bado nimelichagua kwa sababu yako.

Ofisini walinipa nafasi ya kudumu katika idara ya utalii, mradi utetezi nimwachie mwingine. Sikukwambia kwa kuwa nilikuwa sijawajibu, na niliona aibu kwamba nilikuwa nafikiria. Barua yako ilipofika nilikwenda nikawaambia hapana. Mama hajui. Usimwambie, goti litapanda hadi kichwani.

Sasa sikiliza. Tumefanya kazi siku kumi na tano, mimi na hao arobaini na mmoja, zamu kwa zamu. Kila ramani yako tumeizungusha hadi kilima kikakaa pake. Shangazi, tuna chemchemi mia nne na tatu! Tuna vijiji ambavyo vimebadilisha majina, na misitu iliyokatwa, mwaka kwa mwaka, jinsi watoto walivyoiona wakienda shule. Wenzangu wawili wamerudisha vitabu vyao rafuni kimyakimya, na mimi nimejifanya sikuona.

Na Onchiri tumempata. Nyanchama alipoliona jina kwenye karatasi akapiga kelele, kumbe ni jirani yao. Ni fundi wa maji. Vijiji vya huko vikitaka bomba linaloshuka bila pampu, wanamwita yeye, anatembea kilimani asubuhi moja na mchana anawaambia wachimbe wapi. Tulipanda naye na ile ramani yake ya mwaka wa themanini na tisa. Ramani tunayofundishia inaonyesha chemchemi tatu. Yake inaonyesha tisa, na nane tumezinywa maji kwa mikono yetu. Ya tisa ilikauka walipopanda mikaratusi. Alishika karatasi, akaitazama sifuri, akacheka kidogo. "Mwalimu alikuwa na mwandiko mzuri," akasema.

Nikamwomba aje mbele ya kamati tarehe kumi na tisa. Akajibu, "Nitakuja kama Mwalimu atakuja."

Sikulazimishi, Shangazi. Lakini bila yeye tuna makaratasi tu, na makaratasi Ogeto anayo mengi.

Millicent

Ogembo,
Jumapili, 22 Juni 2025

Shangazi wangu,

Ulifika salama baada ya kikao cha kamati? Uliondoka na Mogire haraka kabla sijakushika mkono, na mlangoni pangu nikakuta kikaratasi: "Andika kila ambalo masikio yangu yalilikosa." Haya basi, naandika.

Wewe ulipoingia na ile kofia ya Sabato ukaenda moja kwa moja kukaa kiti cha mbele, Profesa Ogeto alikwambia kwamba wageni hukaa nyuma. Ulimjibu, "Asante, na nyinyi pia." Ukumbi ulicheka, na yeye mwenyewe akageukia karatasi zake. Kisha nilisoma utetezi dakika ishirini. Wanakamati wawili walikuwa kwenye simu zao. Ogeto alisema, "Historia nzuri, lakini bado sioni kwa nini chuo kilee somo la majina." Nikakuangalia, nawe ukadhani nimekuita.

Hujui jinsi sauti yako ilivyokuwa kubwa, Shangazi. Watu walitoka ofisi za jirani kuja kuchungulia. Uliinua ramani ya Onchiri, ukasema, "Sifuri hii niliiandika mimi, na hizi nyingine mia saba na themanini." Kisha ukamwambia, "Profesa, simama unionyeshe kaskazini."

Akasimama akitabasamu. Akanyosha mkono dirishani, kule juu kilimani kwenye matangi ya maji. Wanakamati watano kati ya saba wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo Onchiri alipoinuka kule nyuma na viatu vyake vya mpira, akasema pole pole, "Profesa, hiyo ni rogoro. Kaskazini iko nyuma yako, kule vyooni."

Kicheko ulikiona, maana hata kipofu angekiona. Ulichokosa ni kilichofuata. Ogeto alibaki amenyosha mkono. Wewe ulikuwa umegeuka kumtafuta Onchiri. Ogeto akasema, karibu bila sauti, "Darasa la saba nilipigwa viboko sita kwa hili. Tangu siku hiyo sijafungua kitabu cha Jiografia." Akaketi. Akaomba ile ramani ya Onchiri, akaiweka magotini, akaizungusha polepole mpaka ikakaa. Maswali aliyouliza baada ya hapo yalichukua saa nzima, Shangazi, na yalikuwa maswali ya mtu mwenye njaa! Maji ya tangi yanatoka wapi? Mahali pa maporomoko ya udongo mtajuaje kabla ya mvua? Onchiri alijibu, Nyanchama akajibu, mimi nikakaa nikisikiliza.

Uliyomwambia Onchiri kwa Ekegusii ulipomwomba msamaha mbele za watu sikuyaelewa yote, lakini niliona wazee wawili wakitoa leso. Naye alikuinamia sikioni. Alisema nini?

Uamuzi bado. Wanasema wiki sita.

Millicent wako

Ekerenyo,
Jumapili, 6 Julai 2025

Millicent,

Sisi wazima, ng'ombe wazima, chai nzima, haya. Wiki sita za nini? Mungu aliumba dunia kwa siku sita na kamati hakuihitaji! Nimeshindwa kula. Benter amekuja kunikalia wiki hii, tunaangaliana kama watu wa matanga. Nimemwambia habari ya utalii, imenitoka, nisamehe. Goti halikupanda. Alisema, "Angekubali ningemchapa."

Alichoniambia Onchiri ni chetu sisi wawili.

Andika siku hiyohiyo utakaposikia.

Shangazi

Ogembo,
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Salamu baadaye. Tumeshinda!

Leo saa nne walituita sote uwanjani. Profesa Ogeto alisoma mwenyewe, hakumpa karani. Idara ya Jiografia haifungwi. Walimu wote sita wanabaki. Kuanzia Septemba kuna somo jipya la lazima kwa mwaka wa kwanza, ramani za vilima vyetu, na kila mwanafunzi atachora kwanza kwa rogoro ya kwao, ndipo ajifunze kuigeuza kwa dira, ili azijue zote mbili. Chuo kitapima chemchemi zote za Kisii na Nyamira pamoja na wanavijiji, kwa kuanzia na sanduku lako. Mkufunzi wa kazi za nje ni Onchiri, kwa barua rasmi yenye muhuri! Na mimi nimethibitishwa kazini, nafasi ya kudumu, idara yangu mwenyewe, si ya watu.

Wanafunzi walinibeba juu. Mimi, na uzito huu! Nyanchama alikuwa akiimba huku analia. Nilimpigia Mama, akapiga vigelegele hadi nikasikia kuku wa Oyugis wakikimbia. Ogeto alikuja kunishika mkono, akasema anataka kuja kukusalimu Ekerenyo, ila anaogopa utamuuliza kitu.

Nimefurahi hadi naandika nikirukaruka, ndiyo maana mwandiko uko hivi. Usiusahihishe.

Millicent, wa Idara ya Jiografia

Ekerenyo,
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mwanangu Millicent, wa Idara ya Jiografia,

Mbuya mono, asante sana! Barua yako niliisoma nimesimama barabarani, kisha nikaisoma tena kwa sauti, na mtu wa bodaboda akazima pikipiki akidhani namgombeza. Nikamsomea na yeye. Amefurahi bila kujua kwa nini. Kanisani nilisimama kutoa ushuhuda, nikasahau muda, mchungaji akahubiri dakika tano tu, na waumini wameniomba niwe nashuhudia kila Sabato.

Ogeto alikuja Jumanne. Alikula obokima, ugali wetu, na mboga za chinsaga, akaongeza mara mbili. Sikumuuliza kitu. Alipoondoka nilitoka naye hadi barabarani, akanyosha kidole bila kuambiwa akasema, "Kaskazini." Alipata. Tulicheka sana, mwanangu, hadi akashika ua asianguke.

Nimefurahi. Naliandika waziwazi kwa kuwa sikulelewa kusema hivyo. Baba yako angekuwepo tungemfunga kamba asiruke. Kuna usiku niliolala juu ya hizo ramani nikijiona mwizi, na sasa nalala fofofo, hata paka, aliyehamia kitandani kwa kukosa sanduku, amelalamika ni kipana.

Sasa nina habari yangu. Kesho shule zinafunguliwa. Mwalimu mkuu wa hapa amekosa mwalimu wa gredi ya tisa wa Maarifa ya Jamii, ambamo siku hizi Jiografia wameitia ndani kama kitunguu kwenye mchuzi. Nimemwambia nitafundisha mada ya ramani muhula huu, ajira sitaki, na watoto wapaze sauti. Nina miaka sitini na tisa. Nimepiga pasi gauni, na nimeamka mara tatu kuliangalia kama msichana wa mafunzo ya ualimu.

Miaka thelathini na mitatu niliingia darasani nikachora mshale ubaoni, nikaandika K juu yake, nikageuka. Kesho ubao nitauacha mtupu. Nitamsimamisha mtoto wa kwanza karibu na dirisha, nimuulize maji ya kwao yanatoka wapi, kisha ninyamaze, nimsogelee, nimtazame mdomo mpaka amalize.

Shangazi yako,
Mwalimu Nyakerario